Jinsi ya Kuusoma Mchoro wa Mtaa: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila nikisimama na mtu mbele ya mchoro wa mtaa, iwe kwenye duka la Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, au kwenye ukumbi wa hoteli, maswali ni yale yale. "Sasa huu una maana gani?" "Mbona wewe waona upweke na mimi naona nyumba tu?" "Bluu si rangi ya huzuni?" Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, mtu akiangalia pembeni: "Mimi sikusomea sanaa, nitajuaje kama nimekosea?" Nimeyajibu mara nyingi hadi nikaona heri niandike, nikiulizwa tena nimpe mtu asome huku nami nikimalizia kahawa yangu.

Kanuni ni moja: lolote utakalosema kuhusu hali ya mchoro, uweze kulionyesha kwa kidole. Ukiniambia "huu una majonzi", nitakuuliza "yako wapi?", nawe unionyeshe mahali. Kidole kibaki hewani, kisiguse rangi; wenye maduka hawana mzaha na hilo. Usipoweza kuonyesha, basi majonzi hayo ni yako, umekuja nayo kutoka nyumbani. Si vibaya kuwa nayo, ila usimbandike mchoraji.

Nikisema hali, nina maana ya kile kinachokuingia kabla hujakipatia jina: uzito, wasiwasi, uchangamfu, upweke. Nikisema maana, ni kile ambacho mchoro unasema juu ya mtaa ule na watu wake. Hali hutangulia. Nadharia inaishia hapo.

Kabla hujaanza

Tafuta vitu hivi kwanza:

- Mchoro mmoja wa mtaa. Mmoja tu. Picha iliyochapishwa kwenye kalenda inafaa, na ya kwenye simu pia inafaa ukiwa huna nyingine, ila ujue ukubwa halisi wa mchoro wenyewe. Mchoro wa upana wa mita mbili na wa upana wa trei ya chai haviongei kwa sauti moja.
- Daftari na penseli.
- Simu yenye kamera. Ukiwa dukani, omba ruhusa kabla ya kupiga.
- Kipande cha kadibodi chenye tundu la ukubwa wa kiberiti. Boksi kuukuu la maziwa linatosha.
- Karatasi nyeupe ya kufunikia.
- Nusu saa ambayo hutaitwa.
- Mtu wa pili, na ikiwezekana asiwe wa mtaa uliochorwa.

Hilo la mwisho wengi hulidharau, na ndilo linalowaangusha. Sisi wa hapa tukiona mchoro wa Mji wa Kale hatuuangalii. Tunautambua. "Ah, hii si nyumba ya kina fulani? Hapa pembeni palikuwa na muuza viazi karai." Robo saa imepita, umesimulia mtaa mzima, na mchoro hujautupia jicho. Mtu wa kutoka Kisumu au Arusha atakuuliza, "Kwa nini ule ukuta umepakwa zambarau?", nawe utashtuka, maana miaka yote ukuta ule unaujua ni mweupe.

Hatua ya 1. Angalia dakika tatu, kimya

Weka saa ya simu. Dakika ya kwanza utadhani umeshamaliza. Ya pili utachoka. Ya tatu ndipo vitu vinaanza kujitokeza: mtu dirishani, kamba ya nguo, kivuli ambacho mwenyewe haonekani. Saa ikilia, andika neno moja tu la hali iliyokuingia, ukunje karatasi, uiweke mfukoni. Neno hilo ni tuhuma. Tutalifungulia kesi mbele ya safari.

Hatua ya 2. Hesabu vitu, usivisifu

Andika orodha kama karani wa bohari. Idadi na jina, basi. Marufuku kuandika "pazuri", "pa kale", "wa huzuni".

Nitatumia mchoro mmoja kote humu ili tuwe pamoja. Uko sebuleni kwa shangazi yangu. Ni wa rangi za maji, na sahihi yake haisomeki. Orodha yangu ilikuwa hivi: kichochoro 1, kinateremka. Kipande cha maji mwishoni, chembamba kama utepe. Mlango wa nakshi 1, ubao mmoja wazi, ndani giza. Roshani 2. Madirisha 6, yote yamefungwa. Mkokoteni 1, mikono yake imelazwa chini. Baraza 1, juu yake dele la kahawa na vikombe 2. Paka 1. Mwanamke 1 wa buibui, mgongo kwetu, anashuka kuelekea majini.

Isome tena. Hakuna hisia hata moja, na tayari kuna jambo: vikombe viwili, wanywaji hakuna.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika kilichopaswa kuwepo. Mwenzangu mmoja aliandika "mwanamume amekaa barazani". Hakuwepo. Baraza na dele vimemwita akilini mwake, naye akamkalisha.

Hatua ya 3. Tafuta mchoraji alisimama wapi

Fuata mistari inayokimbia: kingo za paa, ukingo wa baraza, mistari ya lami. Irefushe kwa penseli juu ya picha uliyochapisha, au kwa kuegesha rula. Katika mtaa tambarare itakutana mahali fulani, na kimo cha mahali hapo ni kimo cha jicho la mchoraji. Vichwa vya waliosimama vikiwa usawa huo, mchoraji alikuwa chini pamoja nao. Vikiwa chini yake, alikuwa ghorofani.

Hili lina uzito. Mwaka 1897 Camille Pissarro alikodi chumba cha hoteli mjini Paris akachora Boulevard Montmartre kutoka dirishani, michoro 14, asubuhi, jua, ukungu, mvua, na mmoja tu wa usiku. Watu wake ni nukta na mikwaruzo. Hakuna hata mmoja unayeweza kumsalimia. Miaka 20 nyuma yake, 1877, Gustave Caillebotte alichora njia panda ya Paris siku ya mvua, na yeye alisimama kwenye lami. Wale wawili wenye mwavuli wanakujia wakiwa karibu na kimo cha mtu halisi, na ukingoni kulia kuna mwanamume aliyekatwa na fremu, mwavuli wake unakaribia kugongana na wao. Kwa Pissarro wewe ni mtazamaji. Kwa Caillebotte itabidi upishe njia.

Angalizo: kichochoro kinachoteremka kinadanganya, kwa sababu mistari ya ardhi inakutana chini zaidi ya ile ya paa. Tumia ya paa na madirisha.

Hatua ya 4. Isome saa kwa vivuli

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, kwa sababu mwanga ndio unaobeba hali kuliko kitu kingine chochote, na pia kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Kwanza, fumba macho nusu mpaka vitu vidogo vipotee yabaki mabaka ya mwanga na giza. Ukishindwa, piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Jiulize: giza ni sehemu gani ya mchoro? Robo? Nusu? Liko wapi, juu au chini? Giza likiwa juu na mwanga chini, mtaa hukukalia kichwani. Likiwa chini, mtaa hutulia.

Pili, tafuta vivuli vinalala upande gani na ni virefu kiasi gani. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hutupita utosini hasa, na kivuli chako unakikanyaga. Hata Juni, jua likiwa limeegemea kaskazini, kivuli cha adhuhuri hapa hakizidi sana nusu ya kimo chako. Kwa hiyo mchoro wa Mombasa ukiwa na vivuli virefu, hiyo si saa sita. Ni asubuhi au ni jioni, hakuna mjadala.

Lakini usiibebe sheria hiyo ukaenda nayo Ulaya. Paris mwezi Desemba, saa ya mchana mkali, jua liko chini kiasi kwamba kivuli cha mtu kinakaribia mara tatu ya kimo chake. Mtu wa Mombasa akiuona mchoro wa namna hiyo atasema "jioni, watu wanarudi makwao", kumbe ni saa ya chakula cha mchana. Jua la kwao si la kwetu.

Sasa aibu yangu. Mchoro wa shangazi niliusoma zamani kwa kujiamini kabisa. Madirisha yamefungwa, kichochoro kitupu, mwanga wa dhahabu: alfajiri imekucha, nikasema, mji unaamka, na yule mwanamke anaelekea kuianza siku yake. Niliongea mpaka neno "matumaini" nikalitaja mara mbili. Sebuleni alikuwapo mzee mmoja jirani, amekuja kumjulia hali shangazi. Alikuwa amenyamaza na kikombe chake. Akasimama, akausogelea mchoro, akaangalia.

"Mwanangu," akasema, "jua la Mombasa halitoki Changamwe."

Kichochoro kinashuka kuelekea majini, na maji ya Mji wa Kale yako mashariki. Kivuli cha mkokoteni, kivuli cha paka, kivuli cha mwanamke, vyote vimelala kuelekea majini. Basi jua liko nyuma yetu, magharibi, upande wa Changamwe. Ni jioni. Madirisha hayajafungwa na waliolala. Yamefungwa kukinga jua la magharibi linalopiga moja kwa moja. Mkokoteni haungojei kuanza kazi, kazi yake imekwisha. Nikaangalia tena bega la yule mwanamke: kuna mstari mwembamba wa mwanga juu ya buibui, mgongoni, upande wetu. Jua linampiga kwa nyuma. Muda wote ulikuwapo. "Matumaini" yangu yakaanguka, na mchoro ukawa mwingine: siku inayoisha, na mtu anayeondoka.

Kwa hiyo, kabla ya kusema asubuhi au jioni, ujue dira ya mtaa. Kama mtaa huujui, sema "jua liko chini" uishie hapo. Hiyo ni kweli isiyokuumbua.

Hatua ya 5. Rangi, na mkono ulioipaka

Chukua kadibodi yenye tundu, ipitishe polepole juu ya mchoro, ukitazama kipande kimoja kimoja. Ukuta uliodhani ni mweupe utauona una kijani, waridi, kijivu. Andika rangi unayoiona tunduni, si rangi unayoijua.

Achana na kamusi za rangi. Bluu si huzuni na nyekundu si hasira. Rangi husema kulingana na jirani yake na kulingana na watu wa mahali. Mgeni akiona mwanamke wa buibui hudhani msiba, kwa sababu kwao nyeusi ni ya matanga. Hapa buibui ni vazi la kila siku la kwenda sokoni. Nyeupe nayo ni ya kanzu ya Ijumaa, na ni ya sanda pia. Mchoro ukiwa na kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, mtu wa pwani atanusa harusi kabla hajaona bibi arusi. Hayo ndiyo maarifa ya kuja nayo, na bado utaonyesha kwa kidole: kisutu hiki hapa.

Ukishamaliza rangi, angalia mkono. Mistari imetulia au imekwaruzwa? Kuta zimesimama wima au zinayumba? Ernst Ludwig Kirchner alipochora mitaa ya Berlin mwaka 1913, watu wake walichongoka kama misumari na barabara ikainuka mbele kama inataka kuwamwaga. Hakuna haja ya kuambiwa kuna wasiwasi. Umo kwenye kona za mabega yao.

Hatua ya 6. Watu: nani anamtazama nani

Chora vishale vidogo daftarini kuonyesha kila mtu anaangalia wapi. Ni zoezi la dakika mbili, na mara nyingi ndilo linalofungua mchoro. Rudi kwa Caillebotte: umati mzima barabarani, mavazi ya heshima, na vishale havikutani. Hata wale wawili walioshikana mikono chini ya mwavuli mmoja wanaangalia upande, si kuangaliana. Edvard Munch naye, katika mchoro wake wa mtaa wa Karl Johan jioni, 1892, alifanya kinyume: nyuso zilizopauka, macho makubwa, zote zinakujia wewe, huku mtu mmoja peke yake akitembea katikati ya barabara kuelekea upande wa pili. Ukikaa nao kidogo unajikuta unataka kupisha.

Pima pia nafasi. Watu wamebanana au kila mmoja ana ua wake? Migongo ni mingapi, nyuso ngapi? Mgongo si lazima uwe huzuni. Mgongo wa mbebaji aliyeinama chini ya gunia na mgongo wa mtu aliyesimama kutazama meli ni migongo miwili tofauti.

Nina neno na wachoraji wetu hapa. Yule mwanamke wa buibui anayepita mlango wa nakshi nimemwona kwenye michoro mingi kiasi kwamba naogopa ana mapacha. Mara nyingi amewekwa kama taa ya barabarani, kupamba. Kumtambua wa pambo ni rahisi: mfunike kwa kidole gumba. Mchoro ukibaki vile vile, hakuwa na kazi.

Hatua ya 7. Tafuta kilichokosekana

Tengeneza orodha ya pili: vitu vilivyotarajiwa mahali hapo ambavyo havipo. Mtaa wa Markiti bila wachuuzi. Kituo bila matatu. Baraza bila wazee.

Mfano maarufu ni Nighthawks, ambao Edward Hopper aliumaliza Januari 1942. Mkahawa wa kona, usiku, watu wanne chini ya taa kali, vioo vikubwa. Tafuta mlango wa kutokea barabarani. Tafuta tena. Hauonekani. Watu wengi huhisi kubanwa na mchoro ule bila kujua kwa nini. Sababu mojawapo ni hiyo, nayo unaweza kuizungushia duara la penseli.

Kwetu, angalia sana madirisha. Mgeni akiona madirisha ya Mji wa Kale yamefungwa husema "mtaa umehamwa". Lakini mbao zile za mshazari, na roshani zilizozibwa kwa nakshi, ziliwekwa ili wa ndani apate hewa na aone njia bila kuonekana. Mtaa unaoonekana mtupu pengine una macho manane juu yake. Je, mchoraji alilijua hilo? Angalia kama amezichora mbao zenyewe, au amepaka baka la kahawia tu. Aliyechora ule wa shangazi alizichora moja moja, na kwenye roshani ya kushoto ameacha ubao mmoja umeinuliwa.

Hatua ya 8. Maandishi, tarehe, jina

Soma kila neno lililo ndani ya mchoro: kibao cha duka, ubavu wa matatu, ukuta uliochorwa na vijana. Chéri Samba wa Kinshasa, aliyeanza kazi kwa kuchora mabango ya matangazo, huandika sentensi nzima ndani ya michoro yake. Huwezi kudai umeusoma ukaziruka. Kisha geuza mchoro uone nyuma, wenyewe wakiruhusu. Mwaka ulioandikwa kwa penseli nyuma ya fremu ni mali.

Tarehe huokoa. Claude Monet alichora mtaa wa Montorgueil, Paris, umefurika bendera za Ufaransa, na wengi wakiuona husema ni sikukuu ya tarehe 14 Julai. Mchoro ni wa 30 Juni 1878, sherehe ya amani na kazi mwaka wa Maonyesho ya Dunia. Tarehe 14 Julai ilifanywa sikukuu ya taifa mwaka 1880. Bendera ni zile zile, furaha ni nyingine.

Majina yasikutawale, hata hivyo. Mchoro wa Hopper wa 1930 wa maduka yaliyofungwa unajulikana kama asubuhi ya Jumapili, na mwenyewe alisema si lazima iwe Jumapili, neno hilo liliongezwa na mtu mwingine. Mimi huficha kibandiko cha jina mpaka hatua hii.

Hatua ya 9. Fungua karatasi, uandike sentensi moja

Toa lile neno mfukoni. Sasa andika: "Naona (vitu viwili au vitatu), kwa hiyo nahisi (hali), na nadhani mchoro unasema (maana)." Vitu kwanza. Yangu, baada ya kusahihishwa na mzee, ilikuwa hivi: Naona vikombe viwili visivyo na wanywaji, vivuli virefu vinavyokimbilia majini na mwanamke mmoja anayefuata njia ya vivuli hivyo, kwa hiyo nahisi mazungumzo yaliyokatika, na nadhani mchoro unasema mtaa huu unajulikana kwa wale waliokuwa wameukalia na sasa hawapo.

Kisha ujaribu. Funika kitu kimoja kwa karatasi nyeupe, uisome sentensi tena. Nilifunika paka: hakuna kilichobadilika. Nilifunika vikombe: sentensi ikafa papo hapo, kikabaki kichochoro kizuri cha kalenda. Basi vikombe ndio mhimili. Kitu ukikifunika na sentensi ikaendelea kusimama, kiondoe kwenye sentensi.

Mwenzako naye aandike yake bila kuona yako, halafu mlinganishe. Mkitofautiana msibishane juu ya hisia, ulizaneni, "umeonyesha wapi?" Anayeonyesha mahali pengi zaidi si lazima awe ameshinda, ila wa "nahisi tu" arudi hatua ya 2.

Ukikwama

Huhisi chochote. Hutokea, hasa kwa mchoro uliouona tangu utotoni. Ugeuze juu chini, ufanye hatua ya 4 ukiwa hivyo. Ukishindwa bado, tafuta mwingine. Kuna michoro isiyo na hali yoyote, imechorwa ili mtalii apate cha kufunga begini, na si kosa lako.

Umepata hali mbili zinazopingana. Usichague haraka. Angalia kama ziko sehemu mbili tofauti za mchoro: juu kuchangamke kwa kanga zilizoanikwa, chini kuwe na mtu ameinamia mikono yake. Iandike hivyo, "juu hivi, chini vile". Mara nyingi ndiyo maana yenyewe.

Mwenzako anasisitiza kitu ambacho huwezi kukithibitisha. Kuna aliyeniambia wa barazani wameacha kahawa kwa sababu ni Ramadhani na adhana ya Magharibi inakaribia. Nikamwambia wa Ramadhani angekunywaje kahawa kabla ya adhana? Akabadilisha: basi si Ramadhani, wameitikia adhana ya kawaida. Huenda. Lakini mchoroni hakuna msikiti, hakuna kandambili mlangoni, hakuna mtu wa kanzu anayeharakisha. Tuliiandika pembeni na alama ya kuuliza.

Mchoro hauna mtu, umbo wala mtaa unaoeleweka, ni mabaka tu. Ruka hatua ya 2 na ya 6, tumia ya 4 na ya 5. Mwanga na rangi havihitaji majina.

Muuzaji anakusubiri uamue, na bei inashuka kila ukinyamaza. Mwambie ukweli, kwamba unahesabu madirisha. Ama atakuacha, ama atakuja kuhesabu nawe. Mmoja wa Ndia Kuu alikuja, akagundua dirisha ambalo hakuwahi kuliona kwenye bidhaa yake mwenyewe, na bei ikapanda.

Kioo cha fremu kinang'aa, huoni ila uso wako. Usipige kwa mwako wa simu, utazidisha. Simama kwa mshazari, au mtu ashike shuka jeusi nyuma yako. Wa shangazi umetundikwa mkabala na dirisha la magharibi, na kuanzia alasiri kioo chote kinakuwa jua tupu. Mimi huenda asubuhi.